Mama wa Basi Aliyemshusha Keza

Mwanamke ninayetaka kueleza habari zake hapa ndiye aliyemkabidhi binti yangu kwa mtu nisiyemtuma, na ndiye huyo huyo aliyekwenda kumrudisha. Watu wakisikia nusu ya kwanza wanataka kumtukana. Wakisikia ya pili wanataka nimpigie magoti. Mimi nimefanya yote mawili moyoni mwangu, wakati mwingine siku moja hiyo hiyo, na bado sijatulia. Ndiyo maana naandika.

Tulimwita Mama wa Basi. Jina alikuwa nalo, bila shaka, na lilikuwa kwenye kitambulisho alichokining'iniza shingoni, lakini sikumbuki kumsikia mtu akilitumia. Alikuwa mwangalizi kwenye basi la shule lililochukua watoto wa chekechea na wa madarasa ya chini kutoka nyumba zetu za kupanga, upande ule wa mashariki wa Columbus unaopakana na Whitehall. Dereva aliendesha, yeye aliangalia watoto. Alitoka Kivu. Zaidi ya hapo sijui alizaliwa wapi wala ni mtoto wa nani, na sikuuliza. Sisi Warundi tuliokulia kambini Tanzania tulijifunza mapema kwamba mtu akikwambia ametoka Kivu, swali linalofuata linaweza kumharibia wiki nzima.

Alikuwa mfupi, mpana, na mwendo wake ulikuwa wa mtu anayejua kwamba basi haliwezi kuondoka bila yeye. Juu ya kitenge alivaa kizibao cha kung'aa alichopewa na wilaya ya shule, chini viatu vya theluji vya kiume, na kichwani kofia ya sufu aliyoivuta mpaka kwenye nyusi kuanzia Septemba, wakati sisi wengine bado tuko na mikono wazi. Kiingereza chake kilikuwa cha amri tupu. Alijua kusema kaa, shika begi, usisimame, funga mdomo. Hakujua kusema habari za asubuhi, na hakuona kama amepungukiwa.

Dereva wake alikuwa mzee Mmarekani mweusi, mpole, aliyestaafu kazi nyingine kabla ya hiyo. Alidhani "Mama" ndilo jina lake. Siku moja alimleta mkewe kwenye sherehe ya shule akamtambulisha: huyu ndiye Bi Mama, ninafanya kazi naye. Mama wa Basi akampa yule mke mkono kwa heshima zote na hakumsahihisha. Nilipomuuliza kwa nini, alisema, "Amesema kweli. Mu basi yangu kuko mama moya tu."

Wilaya yetu ya shule ililinda watoto kwa namna ambazo mwanzoni zilitushangaza. Milango ya shule ilifungwa mchana kutwa, na ili uingie ubonyeze kengele, useme jina lako kwenye kitundu cha ukutani, usubiri mtu asiyeonekana akufungulie. Kamera zilikuwa kila pembe. Na kwa watoto wa chekechea kulikuwa na sheria ya kadi: hakuna mtoto anayeshuka kwenye basi mpaka mtu mzima asimame kituoni na kuonyesha kadi ya rangi ya chungwa yenye jina la mtoto huyo. Kama hakuna mtu, au mtu hana kadi, mtoto anarudishwa shule.

Watu wetu waliichukulia sheria hiyo kama tusi. Kambini mtoto wa mtu alipokelewa na mkono wowote uliokuwa karibu. Ukimkuta anacheza mbali na kwao, unamshika, unamfikisha, unapewa asante na kikombe cha uji. Sasa eti jirani aliyemwogesha mtoto tangu mchanga asimame barabarani kama mgeni, atafute kadi. Kanisani walinung'unika. Mama wa Basi peke yake aliipenda ile sheria, akaishika kama vile aliitunga yeye.

Mimi mwenyewe alininyima mtoto. Nilikuwa nafanya kazi ya usiku kwenye ghala la kupakia vifurushi, nalala mchana. Siku hiyo niliamka kwa mlio wa breki za basi, nikatoka mbio na kanga kifuani, kandambili moja yangu, nyingine ya Keza. Keza alikuwa na miaka mitano. Nilimwona amesimama mlangoni pa basi nyuma ya Mama wa Basi, kidole mdomoni.

"Kadi iko wapi?" akaniuliza Mama wa Basi.

"Mama, si unanijua? Juzi Jumapili tumekaa benchi moja."

"Nakujua. Kadi iko wapi?"

"Iko ndani, mezani. Nipe mtoto, nitakuonyesha."

"Bon. Enda ulete."

"Nikirudi si mtakuwa mmeshaondoka!"

"Njo vile," akasema, maana yake ndivyo hivyo. "Basi haingojaka muntu."

Mlango ukafungwa mbele ya pua yangu. Nilibaki pale kituoni na kandambili zangu za rangi mbili, nikimwona mwanangu kwenye dirisha akinipungia mkono. Ilibidi niombe lifti kwa jirani mpaka shuleni, nibonyeze ile kengele, niseme jina langu ukutani, nikabidhiwe mtoto niliyemzaa. Njia nzima nilitukana kwa Kirundi, maana Kiswahili hakikutosha.

Jumapili iliyofuata Mama wa Basi alinijia na bakuli la sombe, kisamvu cha kwao, aliloliziba kwa karatasi ya kung'aa, anatabasamu, ananiuliza kama nimelala vizuri wiki hii. Nilimwambia waziwazi kwamba bado nina hasira. Alishangaa kweli. "Ile ilikuwa ya basi," akasema. "Hii ni ya nyumba. Kula." Nikala. Mchawi wa kupika sombe alikuwa yeye.

Alikuwa na mazoea yake. Kila mwisho wa safari, watoto wote wakishashuka, alitembea kutoka mbele mpaka nyuma akigusa kila kiti kwa kiganja, hata viti ambavyo hakuna aliyevikalia siku hiyo. Wilaya iliwataka waangalie tu kwa macho. Yeye aligusa, na akainama kuchungulia chini. Dereva alimtania kwamba anavibariki. Mara moja alimkuta mvulana amelala chini ya kiti cha mwisho, amejikunja juu ya begi lake, na tangu hapo dereva aliacha utani, akawa anamsubiri amalize.

Watoto wakubwa walipogombana hakuwapigia kelele. Alikwenda akaketi katikati yao, kwa uzito wake wote, akatoa karanga mfukoni akaanza kumenya. Huwezi kumpiga mtu ngumi kupitia kwa mama wa namna hiyo. Waliishia kula karanga, na maganda waliyaokota wenyewe.

Lakini ukija kwake nyumbani ungedhani umefika kwa mtu mwingine kabisa. Mlango wake haukufungwa, si usiku si mchana. Watoto wa ghorofa zote waliingia na kutoka, wengine hata yeye hakujua ni wa nani, na kila aliyekaa mezani alipata sahani. Barabara kuu alivuka popote alipotaka, magari yakipiga honi, kiganja amekiinua juu kama kile kibao chekundu kinachojitokeza ubavuni mwa basi. Nilimwambia atakuja kugongwa. Alinijibu kwamba magari ya Marekani yana akili. Mtu aliyeninyima mtoto kwa sababu ya kadi ndiye huyo huyo aliyeacha sufuria motoni na kushuka chini kupiga soga.

Kuna siku aliitwa shuleni kwa mafunzo, na ikawa siku ya zoezi la kujificha. Mlio unatolewa, milango inakomewa, taa zinazimwa, walimu na watoto wanakaa sakafuni kimya kama vile kuna mtu mwenye bunduki kwenye korido. Naye alijificha na darasa alilokutwa nalo. Zoezi lilipokwisha na taa kuwashwa, watoto wakaruka juu wakicheka, yeye hakuinuka. Alikuwa amewafunika watoto wawili kwa kitenge chake, amewalalia, na mwalimu alilazimika kumgusa bega mara kadhaa. Baadaye alinisimulia mwenyewe, akicheka, lakini hakucheka mpaka mwisho. "Batoto ya hapa banafundishwa kunyamaza," akasema. "Ya kwetu balizaliwa banajua." Kisha akaniuliza bei ya mihogo imekuwaje.

Sasa nifike kwenye siku ambayo kila mtu ananiuliza.

Nilikuja Columbus kutoka Louisville. Huko tulikaa Okolona, mimi na mume wangu na Keza, na wote wawili tulifanya kazi kwenye maghala. Mume wangu alikunywa, na akinywa alinipiga. Wazee wa kanisa walitupatanisha zaidi ya mara moja. Siku aliyonipiga Keza akiwa katikati yetu, amenishika sketi, niliacha kusubiri kupatanishwa. Rafiki yangu wa kambini alikuwa Columbus, akanipokea. Nilifunga mlango ule, na nyumbani kwangu habari za Louisville hazikuzungumzwa. Sikutaka mtoto abebe mzigo huo.

Mume wangu ana mdogo wake Buffalo, shemeji yangu. Niseme haki yake: si mlevi, hajawahi kuinua mkono juu ya mtu, na alipokuwa bado anakaa nasi Louisville ndiye aliyembeba Keza mabegani kila jioni mpaka mtoto akalala huko huko juu. Angekuwa mtu mbaya ingekuwa rahisi kwangu.

Asubuhi moja ya Novemba, zamu yangu ilipokwisha, niliambiwa nibaki kazini saa za ziada, zamu ya mchana ilikuwa na upungufu. Nikampigia jirani yangu ampokee Keza. Alikuwa na kadi yangu ya akiba, jina lake liko shuleni, kila kitu sawa. Alitoka mapema. Lakini siku hiyo basi liliwahi kidogo, na alipofika kituoni alilikuta linakunja kona, na Keza hayupo. Mtoto mmoja wa ghorofa ya chini akamwambia kwamba Keza ameingia kwenye gari la mtu.

Sitaeleza saa zilizofuata. Mzazi anaelewa, na asiye mzazi hata nikieleza haitasaidia.

Jioni shemeji alinipigia, sauti yake ile ile ya adabu. Aliniita mke wa kaka. Alisema mtoto yuko salama, yuko naye garini, amekula, wako njiani kwenda Buffalo. Alisema wazee wa ukoo wamekaa na kuamua kwamba mtoto akae kwake, si kwa baba yake, mpaka mimi na kaka yake tutakapoelewana. Alisema mahari ililipwa na mtoto ana watu wake. Nilipiga ukelele ambao majirani waliusikia, naye akasubiri kwa upole mpaka nilipoishiwa pumzi.

Polisi walikuja. Waliuliza kama kuna karatasi ya mahakama inayosema mtoto ni wa kukaa na mimi. Haikuwepo. Wakampigia mume wangu, naye akasema ndiyo, amemruhusu mdogo wake. Basi wakasema ni jambo la familia, nitafute wakili. Wakili wa bure nilimpata, dada mwema, akaniambia mahakama itanisikiliza, lakini itachukua miezi.

Kesho yake niliitwa ofisi ya usafiri ya wilaya. Mama wa Basi alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, kofia ameivua, mara ya kwanza kumwona bila kofia, na nywele zake zilikuwa nyeupe zote. Walituonyesha picha za kamera ya basi. Hazikuwa na sauti. Kamera ilitazama kutoka nyuma, kwa hiyo kilichoonekana ni mgongo wake na kizibao kikimeremeta, mkono wake umemshika Keza mkono kwenye ngazi. Walikaa hivyo kitambo kidogo. Kisha mkono ukafunguka, na begi la Keza likashuka ngazi likapotea. Niliomba warudishe nyuma nione tena. Niliangalia ule mkono ukifunguka mpaka yule afisa akazima mwenyewe.

Wakampigia mkalimani wa simu. Alikuwa Mkenya, Kiswahili chake kimenyooka kama rula, na Mama wa Basi aliniangalia kana kwamba anataka kuniuliza huyu aliye ndani ya simu anasema lugha gani. Afisa aliuliza: kwa nini umemtoa mtoto bila kadi?

"Kosa ni yangu," akasema.

Yule mtu alikuambia nini?

"Kosa ni yangu."

Ulikuwa unamfahamu?

Akaivaa kofia yake. "Mwambie kosa ni yangu. Haiko kitu ingine."

Kila mtu alilimaliza jambo lile kichwani mwake bila shida. Kwetu baba mdogo ni baba. Mtu amesimama kituoni, amevaa vizuri, amesema kwa heshima kwamba yeye ni ndugu wa baba wa mtoto, na mama wa Kivu aliyelelewa hivyo hivyo amesahau kadi, amekumbuka desturi. Hivyo ndivyo kanisa lilivyoamini, na mimi pia. Tofauti ni kwamba baadhi ya wanawake kanisani waliona hakuna ubaya sana. Mmoja aliniambia kwa sauti ya kunibembeleza kwamba mtoto hajapotea, amekwenda kwao. Nilimwambia mambo ambayo sikupaswa kumwambia mtu mlangoni pa kanisa, na sikuyajutia.

Afisa aliniuliza mimi, kama mzazi, nataka nini kifanyike. Nilisema yule mama asirudi tena kwenye basi la watoto. Nilisema hivyo nikiwa na akili zangu timamu, na leo ningesema tena. Walimwachisha kazi. Wangemwachisha hata bila mimi, sheria yao ilikuwa wazi, lakini watu walipenda kusema ni mimi, nami sikujisumbua kukana.

Kilichofuata nilikisikia baadaye kutoka kwa mke wa shemeji, maana Mama wa Basi mwenyewe hakuniaga wala kuniambia. Alikata tiketi ya basi la masafa, mwanamke asiyejua kusoma kibao cha barabarani, akafika Buffalo theluji ikiwa magotini. Nani alimwelekeza hadi nyumba ile sijui. Watu wetu wako kila mahali, na kila mmoja anamjua mwenzake. Alibisha, akafunguliwa, akaingia na kizibao chake cha kung'aa ambacho wilaya ilikuwa inakidai. Akaketi kwenye kiti karibu na mlango, mkoba mapajani.

Mke wa shemeji akamletea chai. Akasema hapana. Akamletea maji. Hapana. Jioni wakaandaa ugali na samaki, wakamkaribisha mezani. Hapana. Wakamtandikia. Akabaki kwenye kiti. Kila alipoulizwa alijibu neno lile lile: "Nimekuya kuchukua mutoto wa basi yangu."

Asiyetoka kwetu hawezi kuelewa uzito wa jambo hilo. Mtu mzima, mwenye nywele nyeupe, akikataa maji yako ndani ya nyumba yako, amekushitaki mbele ya watu wote bila kufungua mdomo. Na watu walikuja. Majirani Wakongo, majirani Warundi, mchungaji, wote walipita kumwangalia yule bibi kwenye kiti na kuondoka wakitikisa kichwa. Shemeji kwanza alimfokea. Kisha akamsihi. Kisha akaenda kukaa garini peke yake. Mkewe naye akaacha kupika, akasema hawezi kula mbele ya mtu mwenye njaa, na kama bibi wa watu atafia pale sebuleni, yeye anarudi kwa mama yake. Kulipokucha tena shemeji aliwasha gari.

Walinifikia mchana wa siku hiyo. Nilifungua mlango nikamwona Keza na koti jipya la zambarau, na nyuma yake Mama wa Basi, midomo imempasuka kwa ukavu. Shemeji alibaki chini kwenye gari. Nilimkumbatia mwanangu mpaka akalalamika kwamba namuumiza.

"Nipe maji," akasema Mama wa Basi.

Nikampa. Akanywa amesimama, glasi nzima, akairudisha. "Bon. Sasa amefika." Akashuka ngazi taratibu, ameshika ukuta.

Sikumshukuru. Watu wameniuliza, na jibu langu ni kwamba neno halikutoka. Baadaye mahakama ilinipa karatasi yangu, na wilaya ikabadilisha kadi, ikaweka picha za wazazi. Mama wa Basi alihamia Louisville kwa mwanawe, akaajiriwa kukunja maboksi katika kiwanda kimoja huko Jeffersontown. Nilipata habari zake kwa watu, na nilipozisikia nilibadilisha mazungumzo.

Miaka miwili na kitu ikapita. Binti wa rafiki yangu wa kambini akaolewa Louisville, na kutokwenda kungekuwa kumvunjia heshima. Nikaenda, na Keza, na nakala ya karatasi ya mahakama kwenye mkoba, endapo. Ndugu mmoja wa kanisani alituendesha.

Nilimkuta Mama wa Basi jikoni mwa ukumbi, anasugua sufuria ya pilau, mikono mpaka kwenye viwiko ndani ya povu. Amekonda. Hakushtuka kuniona. Alinisogezea kitambaa na kikapu cha vyombo, nikaanza kufuta. Ukumbini muziki ulikuwa mkubwa kiasi kwamba hakuna ambaye angetusikia. Tulifanya kazi muda mrefu, kisha nikashindwa kujizuia.

"Mama, mimi nilikuwa nakuheshimu. Baba mdogo ni baba, najua, na mimi nimelelewa hivyo. Lakini wewe hukunipa hata mimi mtoto bila kadi. Ulimpaje yeye?"

Akaacha kusugua. "Nani alikuambia ni juu ya ile?"

"Kila mtu."

"Kila mtu haikuwa mu basi."

Akajifuta mikono kwenye kitenge, akaketi juu ya kreti ya soda. Alizungumza akiangalia sakafu.

"Keza alikuwa anakaaka kiti ya mbele, pembeni yangu. Siku ya kwanza alinambia baba yake amekufwa. Nikasema pole, mutoto. Siku ingine akasema bibi yake naye amekufwa. Alafu akanambia ya baba mdogo, yenye alikuwa anamubebaka ku mabega, naye amekufwa mu vita. Nikamuuliza, nani alikuambia ile? Akasema hakuna muntu. Akasema, nyumbani habatajwi."

Nilikuwa nimeshika sinia. Nikaliweka chini.

Kwetu ndivyo ilivyo, na mtoto alijifunza kwetu. Majina yanayoacha kutajwa ndani ya nyumba ni ya waliokufa. Mama yangu hakutaja tena kaka zake, babu yangu hakumtaja mkewe, na hakuna mtoto aliyehitaji kuelezwa. Keza alikuwa amehesabu majina yaliyokoma kutajwa, akajua la kufanya. Aliwazika wote.

"Donc, siku ile basi inasimama," akaendelea, "mlango inafunguka, na ule muntu iko pale chini. Mimi namushika Keza mkono, nataka kuuliza kadi. Mutoto akanivuta kizibao. Akanambia, 'Mama, njo ule. Njo baba mdogo. Si alikufwa?' Nikamuona sura yake. Mwaka muzima sikumuonaka anacheka, na ile siku alikuwa anacheka na analia, vyote. Mimi kwangu nimengojaka muntu arudi vile. Miaka, mama Keza. Kila muntu mpya akifika kanisa naangalia sura. Haiyarudi hata moya. Kwa huyu mutoto imerudi, iko inasimama pale ku jua. Njo mimi nimuambie rudi ukae ku kiti?"

Nilitaka kumkasirikia, na nilikuwa na haki. "Haikuwa yako kuamua," nikasema.

"Hapana. Njo maana nilisema kosa ni yangu."

"Ungeniambia mimi. Ungeniambia hata siku ya kwanza."

Sasa akaniangalia. "Nikuambie nini? Kwamba mutoto wako iko na msiba, analia peke yake mu basi asubuhi na mangaribi, na weye uko naye ndani ya nyumba haujue?"

Akainuka, akarudi kwenye sufuria yake. Mimi nilichukua sinia nikalifuta, ingawa lilikuwa limeshakauka. Kabla ya kutoka nilimwambia asante kwa Buffalo. Alitikisa kichwa tu na kunionyesha kwa kidevu vikombe ambavyo sijavifikia.

Kesho yake mchana tulirudi Columbus. Barabara ilipita kusini mwa jiji kwanza, maana ndugu yule alikuwa na mzigo wa kuchukua Okolona, na niliona bango la duka tulilokuwa tunanunua mchele. Keza alikuwa karibu yangu kiti cha nyuma, miaka minane sasa, visikizi masikioni. Nilimgusa akavitoa.

"Baba yako yuko hai," nikamwambia. "Anakaa hapa hapa."

Akanijibu kwa Kiingereza, bila kugeuka kutoka dirishani, kwamba anajua. Baba mdogo alimwambia wakiwa Buffalo.

"Miaka yote hii unajua? Mbona hukuniambia?"

Akainua mabega. "Huwa hatuongei hayo," akasema, sasa kwa Kiswahili, kama mtu anayemkumbusha mgeni utaratibu wa nyumba. Kisha akauliza, "Na bibi?"

Mama mkwe wangu nilimwacha mgonjwa kule kambini tuliposafiri, na tangu niondoke Louisville sikuwahi kuuliza. Sikujua. Nilitoa simu, nikatafuta namba ya shemeji, nikampa Keza aulize mwenyewe.

Aliishika kwa mikono miwili. Upande wa pili ulipoitika, mwanangu akasema taratibu, kwa Kiswahili chake kilichokatikakatika, "Baba mdogo, ni Keza. Naomba uniambie nani yuko hai."